Mama Alipochaguliwa Meya

Mama alikuwa akirudi nyumbani akinuka nyumba ya watu. Harufu ya udi ndiyo iliyotangulia mlangoni, ikafuata hiliki ya kahawa, kisha ile dawa kali ya kusugulia vyoo ambayo hakuna udi duniani unaoweza kuifunika. Mimi na mdogo wangu tulimrukia kabla hajavua buibui, tukaficha nyuso zetu tumboni mwake, nami kwa akili zangu za miaka tisa niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya watu waliofanikiwa. Nyumba yenyewe haikuwa mbali. Ilikuwa ng'ambo ya kichochoro cha mchanga, hapo hapo Muaither tulipoishi, viungani mwa Doha, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kiqatari aliyeitwa na jirani zake Bu Nasir. Wafanyakazi walimwita arbabu, yaani bosi. Baba alimwendeshea gari, mama alimpikia na kumlelea wajukuu, viza zetu zilikuwa chini ya jina lake, na jumba tulilolala lilikuwa lake pia. Hata ule ubaridi wa kiyoyozi tuliojifunikia mablanketi wakati nje jua linachoma ulikuwa wake, ukifikiri vizuri.

Jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya familia moja, lakini enzi zetu lilikuwa limekatwakatwa kwa mbao nyembamba hata ukipiga chafya chumbani kwako, chumba cha tatu wanakuombea afya. Sisi tulikaa katika kilichokuwa jiko. Sebule ya wageni ilizaa vyumba vinne, na katika kimoja waliishi Waganda wawili, Musoke na mkewe Nakato, yeye mpishi wa hoteli, mkewe msafishaji wa maofisi. Juu ya ngazi alikaa Wafula, mlinzi kutoka Bungoma, kijana mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Wengine walikuwa Watanzania wenzetu na Wakenya, madereva na watu wa hotelini, Waislamu na Wakristo. Ijumaa uani kulinukia chapati, maharage ya nazi, na matoke ambayo Nakato aliyapata sokoni kwa bei ya kuumiza roho. Sahani zilitembea kutoka mlango hadi mlango, na sheria ilikuwa moja, ile mama aliyokuja nayo kutoka Tanga: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa pilau, sahani inarudi na ndimu mbili, au kipande cha chapati, au hata sukari kidogo ndani ya karatasi. Nakato aliipenda sheria hiyo kupita wenyeji wake. Sinia letu la bati lenye maua mekundu lilikuwa likienda kwake na wali, likirudi na karanga za kukaanga, na mimi ndiye niliyelibeba, kwa hiyo karanga nazo zilipungua njiani.

Kisha likaja tangazo. Watu wa manispaa, ambao sote tuliwaita baladia, walibandika karatasi kwenye geti letu na kwenye geti la jumba la pili la Bu Nasir, walikokaa Wanepali. Baba aliisoma kwa Kiarabu chake cha barabarani, kichwa kikiwa upande. Ilisema majumba ya mtaa wa familia hayaruhusiwi kugawanywa wala kukaliwa na wafanyakazi wengi namna ile, na kwamba yaachwe wazi mwisho wa mwezi uliokuwa ukifuata. Kwa miezi tulikuwa tumesikia fununu, tukazicheka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Wafula maana yake ilikuwa kurudi kulala kambini na wanaume wanane chumba kimoja. Kwa Musoke na Nakato ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hoteli ilikuwa na mabweni ya wanaume tu, na kampuni ya Nakato ilikuwa na ya wanawake tu, upande mwingine wa mji, yenye geti la kufungwa saa mbili usiku. Na Nakato alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni. Sijui kama nililielewa jambo hilo wakati ule, ila nakumbuka kwamba waliacha kucheka chumbani kwao, na kwa mbao zile usingeweza kukosa kulijua.

Wafula ndiye aliyekuja na wazo la meya. Kwao wakati ule miji ilikuwa na mameya, wenye joho na mkufu kifuani, na yeye aliona jumba lisilo na meya ni kama kundi lisilo na mchungaji. Alisema kila jumba lichague mtu wake kwanza, halafu majumba mawili yakutane Ijumaa ya pili yachague mmoja kati ya hao wawili, naye aende kwa arbabu kuomba awapiganie huko baladia, au walau atafute jumba jingine ambalo wenye ndoa wangeweza kukaa pamoja. Yeye aliita hatua ya kwanza mchujo. Baba na Watanzania wenzake walisema hiyo inaitwa kura za maoni, na walibishana juu ya jina hilo jioni nzima kana kwamba ndilo lililokuwa likitufukuza. Mwishowe Wafula akachukua kifuniko cha katoni, akaandika majina mawili ya wagombea, lake likiwa la kwanza kwa unyenyekevu wake wote, na la Musoke la pili. Akakitundika juu ya bomba la uani.

Ijumaa ya kura watu walipewa vipande vya karatasi vitupu, waandike jina, watumbukize ndani ya sufuria la Nakato. Mama hakuwepo. Ijumaa ilikuwa siku ya wageni kwa Bu Nasir, na siku ya wageni mama huonekana magharibi, akiwa hoi. Wafula alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua karatasi ya kwanza, akaigeuza nyuma na mbele. Akafungua ya pili. Akaikunja, akaikunjua tena. Hatimaye akasoma kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Mama Zuhura." Zuhura ni mimi. Nilidhani ananiita, nikaitika, watu wakaangua kicheko. Karatasi ya tatu, Mama Zuhura. Ya nne, Dada Rukia, ambaye ni mama huyo huyo. "Hizi kura zimeharibika, bana," Wafula akasema. "Jina haliko kwa ubao!" Musoke, ambaye naye alikuwa akishindwa, akamjibu taratibu, "Wewe ulisema tuandike jina. Basi si tumeandika?" Na hapo ua ukapasuka kwa vigelegele, maana kumbe zaidi ya nusu yao walikuwa wameshanong'onezana wiki nzima kupitia mbao zile, na kila mmoja alijiona ndiye peke yake mwenye akili. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Kwa nini tumtume mtu atakayesimama getini kwa arbabu, wakati tuna mtu anayeingia hadi jikoni kwake? Mtu anayejua mzee anakunywa chai ya namna gani, na saa gani moyo wake ni laini? Wafula mwenyewe, mkaidi yule, baada ya robo saa alikuwa akipiga makofi akisema penye nia pana njia.

Mama alitokea magharibi amebeba sinia la wali wa wageni uliobaki. Alipofungua geti dogo akapokewa na nderemo, Wafula akamvisha shingoni mkufu wa vizibo vya soda aliokuwa amejitengenezea mwenyewe, sina shaka. Nakato alimkumbatia hadi wali ukataka kumwagika. Walipomweleza, mama alitazama uso mmoja baada ya mwingine, bado ameshika sinia kwa mikono miwili, akasema, "Jamani, nimewakosea nini?" Walicheka sana. Walidhani ni mzaha wa mshindi. Mimi nilikuwa karibu naye, na niliona kwamba anangoja jibu.

Baba hakucheka. Tulipokaa kula alisema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu, Mama Zuhura. Hawa wenzetu wanataka uuume." Mama akamwambia, "Sasa nitawarudishia vipi, Baba Zuhura? Wameshaniandika." Ndivyo alivyosema, wameshaniandika. Watu wale walikosea jambo moja, na hadi leo linaniuma kwa sababu walilikosea kwa upendo: waliona ukaribu wakadhani ni uwezo. Hawakuona kwamba Wafula, ambaye mwajiri wake alikuwa mwingine, angeweza kumwambia mzee yule neno gumu akarudi zake na viza yake mfukoni. Mama alikuwa na neno moja tu la kumwambia Bu Nasir kwa miaka yote ile, nalo ni ndiyo. Bila kungoja kura ya pili, kila jioni wapiga kura wake walimsubiri uani. "Meya, umesema?" Naye, "Bado sijapata nafasi." Siku ya kwanza walimwelewa. Kadiri mwisho wa mwezi ulivyosogea, swali liliacha kuulizwa kwa mdomo, likawa linaulizwa kwa macho, na mama akaanza kuchelewa kurudi kwa makusudi.

Aliposema, nilikuwepo. Shule ilikuwa imefungwa na alinichukua nikacheze na mjukuu mdogo wa mzee. Ilikuwa baada ya alasiri, Bu Nasir amekaa sebule ya ndani na mkewe, miguu juu ya kibago, mzee mpole mwenye kikohozi, aliyezoea kunipa pipi. Mama aliweka chai mezani, lakini badala ya kurudi nyuma akabaki amesimama. Alieleza kwa Kiarabu chake cha jikoni, akishika ncha ya mtandio. Mzee alisikiliza hadi mwisho, siwezi kumsingizia. Akasema amri ni ya baladia na yeye mwenyewe hana la kufanya, khalas, imekwisha. Kisha uso wake ukachangamka, akamwita mama jina lake kwa matamshi ya kwao. "Lakini wewe, ya Rugayya, unaogopa nini? Wewe na mumeo na watoto wako ni watu wangu. Kuna chumba nyuma ya nyumba yangu. Mtahamia hapo." Mkewe akatabasamu. Walikuwa wakimfanyia wema, na walifurahi kuufanya. Mama akasema Mungu akulipe kheri. Ilikuwa lazima aseme. Ningeshangaa angesema kingine. Halafu, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, akauliza, "Na wenzangu?" Simu ya mzee ilikuwa imeshaanza kulia. Akapunga mkono kwa upole, kama unavyomwambia mtoto asihangaike, akasema hao wana kampuni zao, na akapokea simu. Tulipokuwa tukitoka, mke wake alimpa mama katoni nzima ya tende.

Nilitamani tuiache tende ile kichochoroni. Lakini tende haziachwi njiani, ni dhambi, na watoto tulizipenda. Mama aliingia nayo uani mbele ya watu wote, akaeleza kila kitu bila kuficha, hata la chumba cha nyuma. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana. Wafula alisema polepole, "Kwa hivyo meya amepata. Sisi je?" na akapanda ngazi zake. Mtu mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, si kwa sauti kubwa, lakini jumba lile halikujua siri. Mama alipanga tende kwenye sinia la maua mekundu, akaniagiza nilipeleke kwa Nakato. Nakato alilipokea. Nilimwambia, "Anti, mama aliwaombea. Mimi nilisikia. Alisema, na wenzangu." Akanishika shavu, akasema, "Najua, mwanangu," kwa uso wa mtu asiyejua, au aliyejua na haikumsaidia kitu.

Kura ya pili haikuwahi kupigwa. Wanepali walikuwa wameshaondolewa kabla ya Ijumaa ile, basi la kampuni yao likaja asubuhi, na mama akabaki mshindi wa mchujo tu, meya wa nusu. Kwetu nako walitoka mmoja mmoja, Wafula kwenda kambi ya upande wa Umm Salal, akiwa na begi moja na redio. Musoke alitangulia. Nakato aliondoka wa mwisho, mchana, gari dogo likimsubiri getini. Kabla ya kupanda alikuja mlangoni kwetu na sinia. Alikuwa amelisugua hadi bati linang'aa, kuliko lilivyowahi kung'aa mikononi mwetu. Akamkabidhi mama. Lilikuwa tupu. Mama alilitazama, akamtazama yeye, na Nakato akashusha macho kwenye tumbo lake, akasema gari linangoja. Huenda alikuwa ameshafunga jikoni kwake kila kitu, hana hata punje ya chumvi ya kuweka. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Mama hakulia. Alilisimamisha sinia ukutani, upande wa maua ukiangalia ndani.

Sasa tunaishi Tanga. Mtaa ule wa Muaither nimewahi kuutafuta kwenye ramani ya simu, nikaona mapaa mapya na barabara pana, nisijue kichochoro chetu kilikuwa wapi. Mtoto wa Nakato, kama alizaliwa salama, ni mtu mzima karibu, hatukupata kujua. Mimi ni mpiga kura kamili. Nasimama foleni penye darasa la shule, napewa karatasi yenye majina na picha zilizochapwa, hakuna mahali pa kuandika jina lako, nami huona ni afadhali. Walioko humo walau waliomba wenyewe. Mama hajawahi kupiga kura, ingawa kadi anayo kabatini. Mwaka mmoja wanawake wa mtaa walimjia wakitaka agombee uenyekiti, wakamsifu kwamba anajulikana na wakubwa na kwamba moyo wake ni mzuri. Aliwapa chai na kaimati, akazungumza habari za mvua hadi walipochoka wakaaga. Lakini chakula bado anapeleka kwa majirani, karibu kila Ijumaa, na majirani zetu ni watu waliolelewa, sahani zinarudi na embe, mayai, kipande cha muhogo. Mtoto wa jirani anapobisha hodi na chombo kilichofunikwa kitambaa, mama hukipokea kwa mikono miwili, akafunua kwanza, akatazama, ndipo aseme asante.