Milioni Moja na Tatu

Mwalimu wa hesabu alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Nyumbani kwa mumewe, fundi friji, aliitwa tasa. Kazini neno lilikuwa lile lile, maana namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ndivyo inavyoitwa. Kila mwaka aliandika ubaoni “Namba Tasa”, na kila mwaka kicheko cha chini chini kilitoka viti vya nyuma. Alishaacha kuumia. Alingoja kiishe, kama mtu anavyongoja lori lipite.

Mwaka huu msichana mmoja mwenye mdomo aliuliza, “Mwalimu, milioni moja na tatu ni tasa?”

“Sijui. Hatujaijaribu.”

“Si inaonekana tu!”

Darasa likaangua kicheko.

“Milioni moja na moja nayo inaonekana. Haya, igaweni kwa mia moja na moja.”

Waligawa. Ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, bila baki.

“Namba haiitwi tasa kwa kuangaliwa usoni,” alisema.

Ile ya msichana aliibeba nyumbani. Ilitosha kuijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu moja, nazo ni mia moja sitini na nane. Aligawa kwa mkono, daftari likiwa kando ya jiko. Saba, baki nne. Kumi na moja, baki nne. Kumi na tatu, baki nne.

“Wifi, hata namba umechagua za ukoo wako?” dada wa mume alimtania, akacheka peke yake.

Mwalimu alizidi kugawa.

Jumapili asubuhi ndugu wa mume wakakaa sebuleni kuamua kama mwalimu arudishwe kwao. Mama mkwe ndiye aliyeanza.

“Mwanangu, hatuna ugomvi na wewe. Lakini mti usiozaa unakaa uani wa nini?”

“Mama, mimi nimepimwa mara nne. Vyeti vyote hivi hapa, sina kasoro. Mwanao hajapimwa hata mara moja. Akapimwe kesho, halafu mniite mnavyotaka.”

Wote wakamgeukia fundi friji. Mtu huyu hufungua friji ya jirani na kupima kila waya kabla ya kusema imekufa. Aliangalia viatu vyake.

“Kesho nina kazi,” alisema.

Hakuna aliyemkemea, na hiyo ndiyo aibu ya kikao kile. Mwalimu alingoja alie, machozi hayakuja. Alirudi jikoni akamalizia namba ya mwisho, mia tisa tisini na saba: baki kumi na mbili. Akafunga daftari, akafungasha nguo, akaondoka bila kurudishwa na mtu.

Jumatatu aliandika ubaoni “Namba Tasa”, na chini yake: 1,000,003.

“Nimeijaribu kwa zote. Ni tasa.”

“Kwa hiyo haizai, mwalimu?” aliuliza yule msichana.

“Nani kasema? Izidishe kwa mbili. Izidishe kwa tatu. Zote zitakazotoka ni zake, na hazina mwisho. Waliotoa jina walikosea, au hawakuangalia vizuri.”

Msichana alianza kuzidisha. Mwalimu akachukua dasta, akafuta kichwa cha somo, akaiacha namba.