Miaka Yangu ya Kuficha Mpira

Siku ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani nilikuwa na miaka kumi na minne, na helmeti iliyonizidi kichwa. Kocha Mzee, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ofisi za mtaa wa Schuman akabaki Brussels, alinitazama akasema, "Huyu hasemi. Vizuri. Atakuwa quarterback wangu."

Ninyi wadogo mliojiunga juzi hamkuniona kwenye kazi hiyo ya kuuanzisha mpira na kuamua uende wapi. Mchezo wetu uliitwa option, yaani chaguo. Beki mmoja wa wapinzani tulimwacha makusudi, bila mtu wa kumzuia. Mimi nakimbia na mpira huku namtazama mabega. Akinijia, namrushia mwenzangu wa pembeni. Akimfuata mwenzangu, naenda nao mwenyewe. Ni macho tu, maneno hayahitajiki. Kwa mwenye haya kama mimi, bon, nilijiona nimezaliwa kwa kazi ile. Tuliuficha mpira hadi maman, pale kando ya uwanja wetu wa Jette, kila mara aliuliza, "Donc, mupira iko wapi?"

Kocha Mzee aliucheza mchezo huo chuo kikuu kwao. "Hata kule karibu wote wameuacha," alituambia. "Mabeki wa siku hizi wana mbio, wanakufungia pembeni kabla hujafika. Ukitanguliwa mabao, utayarudishaje kwa kukimbia hatua chache chache? Na vijana wenyewe wanataka kurusha, maana timu za kulipwa zinatafuta mkono."

Magoti yalipomshinda, alikuja Kocha Mpya, akamleta Yannick wa Uccle: mrefu, mkono wa ajabu, sauti kubwa.

"Wewe una mbio, utapokea mipira yake," Kocha Mpya aliniambia.

Nikasema oui. Nilitaka kusema non. Ndivyo nilivyostaafu, na miaka kumi na saba. Sasa Yannick akipaza sauti timu nzima inageuka, na mimi roho inaniuma, sifichi. Hata nywele zake nazionea wivu. Najua mchezo wetu ulikuwa umeshapitwa. Kujua hakunisaidii kitu.

Jumamosi Yannick alirusha mpira mrefu, wa juu kabisa. Nilikimbia mpaka pumzi ikaniishia, nikaudaka kwa vidole, nikavuka mstari wa mwisho: bao. Nilipogeuka, maman alikuwa ameshaingia uwanjani, anakimbia na kitenge chake. Nikafungua mikono.

Akanipita. Akamkumbatia Yannick.

"Mutoto yangu, aksanti! Leo nimeona mupira!"