Siku Tuliyomtengenezea Chatu Kivuli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gunia tupu na fimbo yenye panda, nikaonyeshwa mlango wa ghala la mbegu za pamba, nikaambiwa niingie. Basi. Aliyeniambia alikuwa Msimamizi wa Ghala wa kinu kimoja pale Shinyanga, mtu mwenye tumbo na kaptula ya kaki, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbali, juu ya kreti ya soda.

"Wamo," alisema. "Jana mpagazi amemkanyaga mmoja. Usitoke mpaka wametoka."

Nikaingia. Kwenye mbegu kuna panya, na penye panya nyoka haji kutembea, anahamia. Nilitoka na gunia linajinyonganyonga, Msimamizi akaruka kutoka kwenye kreti akakimbilia ofisini, akanisemesha kupitia dirishani. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Ninyi wajukuu wa siku hizi mkisikia kazi ya nyoka mnadhani ni uchawi. Ilikuwa kazi. Mimi shule niliishia darasa la pili, si kwa umaskini, nawaambia ukweli, ila sikuweza kukaa. Makalio yangu hayajawahi kupatana na benchi. Hata sasa naandika haya nimesimama, daftari liko juu ya kabati la mke wangu, naye ananung'unika anataka kufungua droo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Lugwisha, wa Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka wa kwetu Usukumani. Alinichanja chale, mikato midogo ya wembe mikononi na miguuni, akasugua dawa. Kama ile dawa inazuia sumu mimi sijui. Nimeumwa, nikavimba, nikalia kama mtu mwingine yeyote. Ila mkono uliochanjwa hautetemeki, na nyoka anachukia mkono unaotetemeka. Tena Mzee Lugwisha alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu. Chatu wako akitapika mbele ya watu, ngoma imemkataa. Unamwachia palepale alipotapika, aende zake, na wewe unaweka fimbo chini, hurudi tena uwanjani. Nilimwona mtu mzima akilia kwa sharti hilo kule Maswa. Likumbukeni, maana ndilo lililonitoa jasho mjini pwani.

Kutoka kwenye kinu nilikwenda mgodi wa dhahabu kule Geita. Nyoka walikuwa wanatumbukia kwenye mashimo, na wachimbaji wakimwona mmoja tu zamu nzima inakataa kushuka. Nyapara wa Shimo alikuwa Mzinza mwenye sauti ya tarumbeta. "Baba, shuka wewe kwanza! Ukifa tutajua wapo!" Alikuwa anacheka lakini hakuwa anatania. Huko ndiko, kwenye mtaro, mvua imenyesha usiku kucha, nilipomwokota chatu mdogo, mwembamba kama mpini wa jembe, amelowa, amechoka. Nikamwita Kabula, jina tunalompa mtoto wa kike aliyekuja na mvua. Watu wakaanza kuniita Baba Kabula. Mke wangu akawa Mama Kabula, na jambo hilo hajanisamehe hadi leo, kwa sababu alizaa watoto wa kutosha wenye majina yao.

Mgodi ulipofungwa nikahamia Maganzo, kwenye almasi. Tajiri mmoja aliniajiri nimlaze Kabula juu ya sanduku lake la mali. Wezi waliingia mchana watu wakiwa sokoni, wakamshusha Kabula taratibu, wakamwekea na gunia la kulalia, wakaondoka na sanduku. Tajiri akanifukuza. Sikumlaumu. Lakini nilikuwa nimeshachoka kukaa Maganzo hata hivyo.

Ndipo akaja Afisa Utamaduni wa Mkoa. Alikuwa kijana, mweusi tii, mpole, na kila mara alikuwa akitazama saa yake kana kwamba itamkimbia. Alituona mimi na kikundi changu cha ngoma tunacheza kwenye sherehe ya mavuno, Kabula mabegani mwangu, siku hizo ni mkubwa, ukimlaza kitandani mkia unashuka mpaka sakafuni na kurudi. Akaniita pembeni.

"Baba Kabula, umewahi kuona bahari?"

"Nimeona ziwa."

"Kuna meli ya watalii inatia nanga Dar es Salaam. Inakaa mchana mmoja tu. Abiria wanashuka, wanazungushwa mjini, wanaletwa uwanjani karibu na bandari kutazama ngoma, wanarudi melini. Wametuomba chatu. Mkifanya vizuri, kikundi chenu kinaingizwa kwenye ajira ya serikali."

Ajira ya serikali! Mshahara wa mwezi, kwa mtu kama mimi. Sikulala vizuri tena.

Tulisafiri kwa treni, daraja la tatu. Kabula alikuwa kwenye tenga lililofungwa kamba, na mkagua tiketi alipouliza kuna nini, tukasema vyombo vya ngoma. Akaliketia. Alilikalia kutoka Tabora akisimulia habari za shemeji yake, na mimi nimesimama mlangoni nikihesabu nguzo za simu, nashindwa kucheka, nashindwa kukaa.

Tulifikia Magomeni, kwa mjane aitwaye Mama Rehema, ndugu wa mbali wa Afisa. Nyumba safi, ua umefagiliwa, na kuku. Alikuwa na tetea mmoja wa madoa ambaye alimpenda kuliko wapangaji wake wote. Nilimwamkia shikamoo, ingawa sikuwa na hakika kama amenizidi umri, akaitika marahaba bila kusita, akasema, "Huyo mnyama wenu alale jikoni nje. Nami nisimwone, na yeye asinione."

Kabula hakuwa amekula siku nyingi. Ndivyo inavyotakiwa. Chatu wa uwanjani anachezwa na njaa, maana akishiba anataka ukimya, na ukimnyanyua anarudisha alichomeza. Jambo hilo kila mmoja wetu alilijua. Isipokuwa mmoja.

Huyo ni Nkwabi, mpiga ngoma wetu kubwa, Msumbwa kutoka Ushirombo, Mkatoliki wa kusali rozari hata garini. Mgeni kikundini, mikono ya dhahabu kwenye ngoma, nyoka hajui. Asubuhi ya siku yenyewe nimekwenda kutazama uwanja, maana miguu haikunipa nafasi ya kunywa chai, narudi namkuta ameketi jikoni nje anatabasamu kama mtu aliyetoa sadaka.

"Baba Kabula, nimekuondolea wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

"Nimewaza. Wazungu watakuja na watoto. Watoto weupe, laini. Na huyu ana njaa. Je, akimtamani mmoja? Nimempa kitu kidogo atulie."

Nikafunua tenga. Kabula alikuwa amejikunja, na katikati yake pana uvimbe wa saizi ya ngoma ndogo.

"Bhebhe, wewe! Umempa nini?"

Kabla hajajibu tukasikia Mama Rehema uani. "Kuu, kuu, kuu! Wa madoa! Huyu kuku leo kaenda wapi?"

Nkwabi akafanya ishara ya msalaba.

Sasa fikirini. Meli imeshafika, honi yake tumeisikia hadi Magomeni. Nikimbeba Kabula mabegani atatapika mbele ya watu, na kwa sharti la Mzee Lugwisha nitamwachia palepale, katikati ya mji, kati ya magari na watu wa mapanga. Hatamaliza saa moja hai. Nami fimbo chini. Nisipombeba, ajira imekwenda, si yangu tu, ya kikundi kizima. Nilizunguka ule ua mpaka Mama Rehema akaniuliza kama nimepoteza pesa.

Afisa alipokuja nikamwambia yote. Hakunifokea. Alikaa juu ya kinu cha kutwangia, akatazama saa.

"Wameahidiwa chatu, Baba Kabula."

"Watamwona. Ila simnyanyui."

"Tenga katikati, limefunguliwa, nyie mzunguke?"

"Hivyo naweza."

"Basi tufanye hivyo, Mungu atusaidie. Mimi pia nina wakubwa zangu."

Mji wenyewe siwezi kuusimulia vizuri. Wengine wanauona mji wa pwani, wanasema minazi, maghorofa, samaki wa kukaanga. Mimi niliuona kupitia jasho. Nakumbuka meli, nyeupe, ndefu, nikajiuliza inawezaje kuelea na watu wote wale wanaokula. Na abiria wake wakishuka kwenye basi, kofia, miwani myeusi, miavuli ya rangi, wengi wazee kama mimi nilivyo sasa, wamechoka na joto, wanataka kuona kila kitu na kuondoka.

Tukaanza. Nkwabi alipiga ngoma siku ile kama mtu anayelipia dhambi. Nikafunua tenga. Watalii wakasogea, wakapiga picha. Mama mmoja wa Kizungu akamwuliza mwongozaji wao kitu, mwongozaji akanitafsiria, "Anauliza kama ana mimba."

"Mwambie ni kuku," akajibu mtu nyuma yangu. Nikageuka. Mama Rehema! Alikuwa ametufuata kwa miguu, khanga kichwani, macho kwenye ule uvimbe. "Kuku wangu wa madoa. Manyoya nimeyakuta jikoni."

Na hapo ndipo tulipokosea sote. Uwanja ule haukuwa na kivuli hata cha kuficha mkono, na jua la pwani la mchana si la kwetu, linakaa juu yako. Chatu akipata joto kali hukaa nalo kidogo, halafu anaondoka. Kabula akatoa kichwa nje ya tenga. Akatoa shingo. Watu wakarudi nyuma wakipiga kelele. Mkono wangu ulikwenda kumshika, wenyewe, kwa mazoea, nikaurudisha. Nikishika tu, kuku anatoka. Nikamwacha apite, namfuata nyuma nimeinama, ngoma zikifuata, hadi alipopata kivuli alichokitafuta. Chini ya basi la watalii.

Honi ya meli ikalia. Mwongozaji akaanza kupiga makofi, haraka, haraka, tupande. Dereva wa basi akachungulia chini, akasimama wima, akafungua vifungo viwili vya shati.

"Mimi humo siingii."

"Ni mpole," nikamwambia.

"Hata mkwe wangu ni mpole. Siingii."

Afisa Utamaduni akawa mweupe, mtu mweusi kama yule. "Baba Kabula, mvute mkia."

"Nikimvuta ametapika. Akitapika namwachia hapahapa, na wale wauza madafu kule wana mapanga."

Akatazama saa. Akatazama meli. Halafu, nitamkumbuka hadi kufa kwa hili, akavua koti lake. "Alikuja huku kwa sababu ya kivuli, siyo? Basi tumpelekee kivuli."

Sikumwelewa mpaka alipolitandaza hewani kando ya basi, kivuli chake kikalala chini kama mkeka. Nikaelewa. Nikamwomba mwongozaji awaambie wazee wale wafungue miavuli na kusimama mistari miwili, karibu karibu, kutoka basini hadi kwenye tenga. Alipowatafsiria walitazamana. Yule mama aliyeuliza habari ya mimba akawa wa kwanza. Mwavuli wa manjano. Halafu wa bluu, halafu kofia, halafu wacheza ngoma wetu na ngozi zao za kuvaa. Palipobaki mwanya mmoja wa jua, Mama Rehema akavua khanga yake ya juu, akaishika kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," nikamwambia, asante mama.

"Usinishukuru. Simfuniki nyoka. Namfunika kuku wangu, yumo humo."

Bado dereva. Tulihitaji injini iwake ili Kabula aone chini ya basi si mahali pa kulala. Alipanda kupitia dirishani, amesukumwa na Nkwabi, akisoma dua, naye Nkwabi anasoma rozari, sijui nani alisikilizwa. Injini ikanguruma. Kabula akatoka. Akaonja hewa kwa ulimi, akagusa mpaka wa kivuli na jua, akageuza kichwa, akaifuata ile njia ya giza tuliyomtandikia. Alipita chini ya manjano, chini ya bluu, chini ya khanga, na uvimbe wake, mpaka kwenye tenga, akaingia, akajikunja. Nikafunika.

Makofi ya siku ile sijayasikia tena. Watalii walipanda basi wakitupungia mikono, na meli ikaondoka na watu wake wote. Kabula hakutapika.

Ajira tulipata. Nilizungushwa Dodoma, Tabora, Musoma, kwenye viwanja na mapokezi, chini ya wakubwa wengi wenye kalamu mifukoni. Kila mmoja aliniagiza, "Ile ya miavuli, ifanye tena." Tulijaribu, na miavuli ya serikali, ya aina moja. Kabula, ana njaa kama inavyotakiwa, alikaa katikati ya jua akatutazama. Haikuwezekana. Mama Rehema nilimpelekea tetea wa madoa kutoka kwetu, akasema hatagi vizuri kama yule.

Nilistaafu mgongo ulipokataa kumbeba. Sasa nakaa Kalangalala, mtaa wa Geita, nasema nakaa, mke wangu anasema nazunguka. Kabla sijaachana na kazi nilikwenda kumwachia Kabula huru, tenga likiwa juu ya mkokoteni, kwenye vilima vya mawe nje ya Geita, peke yangu, na kwa ubishi wangu nilifika jua likiwa kichwani. Nikafunua. Kabula akatoa kichwa, akagusa ardhi ya moto, akarudi ndani. Miamba ilikuwa mbele kidogo, uwanda mtupu katikati.

Nikavua koti, nikalishika juu yake kwa mikono miwili, nikaanza kurudi kinyumenyume, polepole. Hapo ndipo miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia, ilikwenda kwa mwendo wa mtu mwingine. Akatoka, akanifuata kwenye kile kipande kidogo cha kivuli hadi kwenye ufa wa jiwe. Mkia ulipoisha kuingia nilibaki nimelishika koti juu, kivuli chake kiko chini hakina mtu, na mikono ikaniuma kabla sijakumbuka kuishusha.