Vifungo vya Mfuko wa Kushoto

Kwa miaka thelathini kasoro miwili alihesabu shuka katika chumba cha kufulia cha hospitali: zilizoingia chafu, zilizotoka safi, na zilizopotea katikati bila maelezo. Ole wake muuguzi aliyesema kumi na mbili wakati zilikuwa kumi na moja. Wauguzi wakambandika jina la Bibi Hesabu, na likamganda hata alipostaafu. Mazoea yana tabu. Akiwa hana tena shuka za kuhesabu, alipanda kilima nyuma ya nyumba yake akaanza kuhesabu mwewe.

Kila machipuko, baridi ikilegea na mawe yakianza kupata joto, ndege walao nyama hurudi kaskazini walikozaliwa, na mgongo wa kilima kile ndio njia yao. Hupita mwewe, hupita tai, hupita vipanga. Kwanza huzunguka juu ya bonde bila kupiga bawa, hewa ya moto ikiwapandisha, kisha hutoka kwa mstari. Anayezunguka hahesabiwi, maana ndege mmoja atakuzungusha mpaka umwandike mara tano. Huhesabiwa akishavuka kati ya mnara wa simu na mwamba mweupe. Akirudi, anatolewa.

Bibi Hesabu alifanya kazi hiyo kwa vifungo alivyong'oa kwenye makoti mabovu ya hospitali. Kidogo kilikuwa ndege mmoja, kikubwa kilikuwa kumi. Asubuhi vyote vilikaa mfuko wa kulia, na kwa kila ndege aliyevuka alihamisha kifungo kwenda kushoto. Jioni mfuko wa kushoto ulimwagwa mezani na jumla ikaingia daftarini. Sheria yake ilikuwa moja: usichokiona kwa macho yako, usikiandike. Msimu ukiisha, daftari lilikwenda kwa mtaalamu wa ndege mjini, na mtaalamu huyo aliwahi kusema mbele za watu kwamba hakuna hesabu anayoiamini kuliko yake. Bibi aliyapokea maneno hayo kimya, lakini nyumbani aliyarudia mpaka yakachosha.

Aliyechoshwa ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye. Wifi alipanda naye kilimani kila siku na chupa ya chai na sweta ya kufuma, lakini hakuulizwa habari za ndege. Msimu wa kwanza aliona kunguru akasema tai. Bibi Hesabu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawahadithia majirani. Tangu siku hiyo wifi alifuma sweta zake na kuzungumzia mambo ya watu, na misimu kumi na minne ikapita hivyo.

Msimu huu ndege walikuwa wengi kupita kawaida. Walipita hata saa ambazo hewa ilikuwa baridi na mwewe mwenye akili angebaki mtini. Mtaalamu alipiga simu kuuliza mambo yanaendaje, akatajiwa jumla, akafurahi kama aliyepata mtoto. Bibi Hesabu naye alitembea kifua mbele.

Siku ya kumi na tisa ukungu ulifunika kilima, wakabaki nyumbani. Bibi alikaa jikoni akitazama ukuta uliopakwa chokaa juzijuzi. Mwewe akapita ukutani. Alitoka kushoto, akaelea taratibu, akateleza chini kulia. Mkono wa Bibi ulikwisha kwenda mfukoni kabla hajajua anafanya nini. Akapita wa pili. Alipoinua macho darini, wakamfuata darini.

Aliogopa. Hofu ya kupofuka ilikuja baadaye. Kwanza aliliogopa daftari.

Daktari wa macho alimwambia ni vidoa vya umri vinavyoelea ndani ya jicho. Havina hatari, lakini haviondoki.

"Utavizoea," alisema daktari.

"Nimeshavizoea," akajibu. "Nimevihesabu."

Jioni alilifungua daftari na kalamu haikuandika. Angenyamaza, nani angejua? Mwewe hawaji kudai. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na yeye alidhani mtungi wake hauna kata. Wifi, ambaye hakuwa ameambiwa daktari amesema nini, aliweka sindano zake za kufumia mezani.

"Wifi, tangu wiki ya kwanza nakuona unahamisha vifungo na juu hakuna kitu."

Bibi Hesabu alichomwa na hasira. Akamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo.

"Ungenisikiliza? Mimi si ndiye niliyeona kunguru nikasema tai?"

Hasira ikakosa pa kukaa, ikageuka aibu, na aibu ile ilikuwa ya miaka kumi na minne. Akachukua rula. Akapiga mstari juu ya kurasa zote za msimu ule, moja baada ya nyingine, kisha akaandika chini: "Zifutwe. Nilihesabu vilivyomo jichoni mwangu." Asubuhi alimpigia mtaalamu mwenyewe. Mtaalamu alimshukuru, akasema basi msimu umeishia hapo, isipokuwa kama yapo macho mengine. Bibi alisema ataangalia, halafu akacheka kidogo kwa uchungu, maana kuangalia ndiko kulikokuwa kumemshinda.

Ukungu ulipoondoka walipanda kama kawaida. Bibi Hesabu alikaa kwenye jiwe lake, vifungo vyote vikiwa kulia. Hakuwa mtu wa kuomba msaada, na alivigeuzageuza vifungo mfukoni mpaka chai ikapoa.

"Weka hiyo sweta," alisema mwishowe. "Niambie unachokiona."

Wifi hakumcheka, ingawa alikuwa na haki. Alikinga macho kwa kiganja akatazama bondeni muda mrefu.

"Wanazunguka. Bado."

Bibi Hesabu aligeuka akamtazama. Neno hilo la bado hakuwahi kumfundisha.

"Sasa wanatoka," alisema wifi. "Mmoja. Wawili. Watatu."

Mkono ulikataa. Juu, Bibi aliona vidoa vyake vikielea, na huenda miongoni mwao walikuwamo mwewe wa kweli, lakini hakuweza kuapa. Sheria yake ilimng'ang'ania vidole. Kisha akahamisha kifungo cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, akifuata sauti ya mwenzake mpaka wakafika saba.

Wifi aliendelea kutazama upande wa mwamba.

"Toa mmoja," alisema. "Amerudi."

Bibi Hesabu hakuwa amemwona akivuka, wala hakumwona akirudi. Alitoa kifungo kidogo mfuko wa kushoto, akakirudisha kulia.