Kipimo cha Kamba

Futi yangu ya kupimia ilikuwa imekatika, na mimi si mtu wa kusubiri. Kitanda cha kubembea nilichokuwa namtengenezea mwanangu, ambaye bado alikuwa tumboni, nilikipima kwa kamba, kichwani hadi miguuni. Nikaitia mfukoni, nikaenda Kariakoo kutafuta kulabu na minyororo ya kukining'inizia.

Maduka mawili ya kwanza yalinichosha kwa kelele. La tatu lilikuwa kimya, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu aliyekaa nyuma ya ndoo za misumari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Niliinyoosha kamba mezani. Kabla sijasema ninachotaka, aliitazama sana.

"Mtoto?"

"Mtoto," nikajibu.

"Pole sana, mwanangu. Sanda utapata duka la pili kutoka hapa."

Kwetu maiti hupimwa kwa kamba, na kamba hiyo hutangulia makaburini ili wachimbaji wajue urefu. Nilimjibu kwa ukali kwamba mtoto hajazaliwa na ninataka kulabu. Hakubishana. Alichukua koleo, akaikata kamba yangu vipande vipande, kisha akanifungia vitu vyangu bila kuniangalia usoni.

Mtoto alizaliwa mzima. Lakini kila nilipomlaza kitandani mle, niliangalia nafasi iliyobaki chini ya nyayo zake. Siku vidole vyake vilipogusa ubao wa mwisho, akatimiza urefu wa kamba ile, mke wangu alilalamika kwamba itabidi tutafute kitanda kingine. Mimi nilitoka uani, nikalia.