Ndege Isiyo na Magurudumu

Ndege ile haikuwa na magurudumu, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko mota yake. Ilikuwa mfano wa ndege ya kivita ya kiti kimoja, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mabawa yalifika urefu wa hatua moja, mwili ulikuwa wa povu jepesi lililokaushwa, na iliendeshwa kwa betri na rimoti. Mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Songwe aliileta kwenye meza yangu ya ufundi redio pale Mbugani, kisha hakurudi. Nilipompigia alisema mtoto aliyemnunulia amekua, sasa anadai pikipiki, nibaki nayo.

Nilibadilisha waya mbili, nikasoma kitabu cha maelekezo kwa msaada wa kamusi, nikaisawazisha kwenye ncha za vidole na kuweka alama ya penseli mahali uzito unapokutana. Kila kitu kilikubali. Lakini ndege ya namna hii hurushwa kwa mkono, na anayeiongoza anahitaji mikono yote miwili kwenye rimoti. Inataka watu wawili.

Nilijaribu peke yangu mara mbili kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, karibu na nyumbani kwangu, upande wa Itungi. Mara zote mbili ilijiviringisha kushoto kabla mkono wangu haujarudi kwenye rimoti, ikavunja pangaboi la mbele, nami nikafunga jingine kati ya manne yaliyokuja nayo. Jirani yangu seremala alikubali kunisaidia. Akaivurumisha juu kama anayeangua maembe, la tatu likavunjika, naye akaniambia kwa huruma kwamba labda walioitengeneza hawakuimaliza. Nikabaki na pangaboi moja.

Nyumbani nilikuwa naishi na mkamwana wangu na mtoto wake wa miezi tisa. Mwanangu alikuwa Chunya, machimboni. Wengi kwetu wameshaiacha desturi ya mkamwana kumkwepa baba mkwe, lakini yeye kwao waliishika: hanitazami usoni, hasemi nami, hatupishani mlangoni. Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyebeba maneno kati yetu. Alipofariki, nyumba ilinyamaza. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa. Miezi mingi sauti nilizozisikia zilikuwa za redio za watu. Mtoto alipozaliwa ndipo tukapata mjumbe, ingawa mwenyewe hajui kusema.

Jumatano moja mkamwana, akigeuza kakao juani, alimwambia mtoto aliyekuwa mgongoni, "Mwambie babu, baba yako amepata chumba. Jumamosi tunaondoka."

Nikamwambia mtoto nimesikia, ni vizuri. Niliingia ndani nikakaa mbele ya ndege. Ndipo nikaona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema: anayerusha husimama mbele akielekea upepo, na anayeongoza husimama nyuma yake. Hawatazamani. Nilikuwa na siku mbili. Kesho yake, kupitia mtoto, nilimwomba mama yake anirushie.

Ijumaa alasiri, upepo wa ziwani ulipotulia sawasawa, nilitangulia shambani, nikaiweka ndege chini, nikarudi nyuma hatua kumi na tano. Mkamwana akaja kwa njia nyingine, akaiokota, akasimama akilielekea ziwa. Mtoto mgongoni alikuwa akinitazama mimi.

"Mwambie mama airushe mbele, pua iinuke nyuzi kumi tu."

Mkamwana aliipima ndege mkononi. "Mwambie babu nyuzi sizijui. Aseme ni kama nini."

Nikafikiri, nikasema ni kama kusukuma mtumbwi kutoka mchangani: huutupi, unausukuma na kuuachia.

"Haya," akamwambia mtoto. "Kumbe babu naye akitaka anasema kama watu."

Niliwasha mota. Alipiga hatua tatu, akaisukuma. Ilizama kidogo, ikajikusanya, ikapanda. Niliizungusha ipite nyuma yetu, kama kitabu kinavyoelekeza. Aliifuata kwa macho, akageuka nusu, kisha akakumbuka nilipo. Akajifunika uso kwa kanga na kuinama. Ndege ikampita juu asiione.

Sikuipitisha nyuma tena. Niliishikilia mbele yake, juu ya matete na ukingo wa ziwa, ikichora umbo la nane, kila kona ikigeukia majini. Ni vigumu zaidi, na ilikuwa safari yangu ya kwanza. Alishusha kanga, akasimama ameinua kidevu. Kwa dakika chache watu wa nyumba moja tulitazama kitu kimoja.

Ili kuitua ilinipasa kuizungusha nyuma yetu, ije ikikabili upepo. Nilijua betri ni ya dakika sita, na saa nilikuwa nayo mkononi. Dakika ya tano ikapita bila kuigeuza. Ya sita mota ikakata, ndege ikateleza kimya na kutumbukia kwenye matete.

"Mwambie babu," alisema, "nimeiona mpaka mwisho."

"Mwambie mama, ndaga fijo," nilisema. Kiswahili cha kushukuru ninacho, lakini hapo kilikuwa kidogo.

Aliondoka kwa njia yake. Niliingia matete hadi magotini nikaitoa. Bawa la kushoto lilikuwa limekatika.

Asubuhi nilikaa chumbani, wapate kutoa mizigo bila kunikwepa, mpaka mlio wa bodaboda iliyowachukua ulipoishia barabarani. Kisha nikatoka kwenda uani. Siku zote nilikuwa nakohoa kwanza kabla ya kupita pale, ili apate nafasi ya kunipisha. Nilikohoa.