Skrini Nyeusi na Jina la Shemeji

Kisa hiki hakinipambi hata kidogo. Ningekuwa na akili ningekisimulia kama kilimpata rafiki yangu, lakini shemeji ashakitangaza Columbia Heights nzima, huku ughaibuni tunakoishi, kwa hivyo nikidanganya nitaumbuka mara mbili.

Nakaa na kaka yangu na mkewe. Laptopu ya nyumba ni moja, kuukuu, niliiokota kazini huko Blaine walipokuwa wanatupa vitu. Niliiwekea mfumo wa Linux mwenyewe kwa kufuata video, na tangu siku hiyo nikawa injinia. Shule nilikomea ya msingi, lakini injinia wa nyumbani haulizwi cheti.

Shida yake ilikuwa moja. Ukiiwasha, unaweza kupika wali ukaiva na bado inazungusha kile kiduara chake. Na mimi kungoja siwezi. Basi likichelewa dakika mbili natembea hadi kituo cha mbele, halafu linanipita katikati ya njia. Nikaona video nyingine, kijana anasema kinachochelewesha ni yale madirisha na picha. Ukiiamrisha iwake kwa maandishi matupu, inawaka upesi. Amri yenyewe mstari mmoja. Ijumaa jioni nikaiandika, nikaizima, nikalala nikijisifu.

Jumamosi shemeji alikuwa na mtihani wa kuhudumia wagonjwa, saa nne kamili asubuhi, kwa mtandao. Simu hairuhusiwi, kompyuta tu. Alikuwa ashafeli mara mbili, na chuo kilimwambia hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akiikosa, anaanza kozi yote upya. Saa tatu na nusu alikuwa mezani na daftari lake, hijabu kaifunga vizuri kwa ajili ya kamera.

"Shemeji, niwashie hiyo kitu yako mapema, isije ikanizungukia."

"Leo ukipepesa jicho umepitwa," nikamwambia.

Na kweli iliwaka upesi. Ikawa nyeusi tii, na neno moja tu juu linauliza jina, na kistari kinapepesa pembeni.

"Ndiyo hii?" akasema. "Mbona haina kitu?"

"Ngoja, inavuta pumzi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku zote ile laptopu ilikuwa inaingia yenyewe, haimuulizi mtu wewe nani. Leo inauliza. Na jina nililoisajilia nililiandika siku tuliyogombana na shemeji kuhusu masufuria. Kwetu pwani kila mtu ana jina la kubandikwa, na mwenyewe huwa wa mwisho kulijua. La kwake lilikuwa mamakingora, kwa sababu akituamsha sisi kwenda kazini, majirani nao wanaamka.

"Shem, nenda kajimiminie chai basi."

"Chai nishakunywa."

"Nasikia kama gari lako linavutwa huko nje."

"Gari liko Oakdale kwa fundi. Wewe ndiye uliyelipeleka."

Nikabonyezabonyeza, nikapuliza kibodi, nikaizima nikaiwasha. Ikarudi vile vile. Saa ya jikoni ikaonyesha nne kasorobo. Shemeji hakupiga kelele. Alikuwa anakunja kona ya daftari, anaikunjua, anaikunja tena. Kelele ningezivumilia.

Nikaandika. Herufi moja moja, mgongo nimeupanua kama pazia. Halafu neno la siri, na hilo halionekani ukiliandika, hata nukta. Nikalikosea. Ikakataa, ikauliza jina tena, na lile la kwanza limebaki pale pale juu. Nikaandika la pili chini yake. Neno la siri, ambalo hakuna anayelitaka, linafichwa. Tusi linaachwa wazi. Aliyeitengeneza ana roho mbaya.

Ya pili nayo ikakataa. Ya tatu ikanikubali, ikaanza kuniwekea jina lile lile mwanzo wa kila mstari. Nikigusa Enter, mamakingora. Nikigusa tena, mamakingora. Kaka akatoka bafuni na mswaki mdomoni, akainama juu ya bega langu.

"Nani huyu mama king'ora?"

"Muulize nduguyo," shemeji akasema. "Mimi nina mtihani. Na wewe wacha kubabaika, andika."

Nikatafuta kwenye simu amri ya kurudisha picha, nikaiandika, nikaikosea, nikaiandika tena, nikai-restart. Kiduara kikaanza kuzunguka. Sijawahi kukipenda vile. Zikiwa zimebaki dakika mbili ukurasa wa mtihani ukafunguka, akatufukuza nyumbani.

Tulikaa kwenye ngazi za jengo zaidi ya saa nzima. Yaani kaka alikaa. Mimi nilikuwa napanda nashuka mpaka jirani wa chini akachungulia. Kaka anacheka peke yake, halafu anasema, "Akifeli, unahama." Hapo hakuwa anacheka.

Mlango ulipofunguka nikasimama wima. Shemeji akamtazama kaka kwanza. "Nimepita." Kisha akanigeukia, sauti ya chini, ile ambayo sijaizoea.

"Kulikuwa na swali la mgonjwa unayemwita haitiki, unamwita tena haitiki, utafanyaje. Hilo sikulifikiria hata, shemeji. Nimelifanyia mazoezi miaka miwili, kila asubuhi, mlangoni kwako."